Laiti ningejua ni TIGHT

Siku hiyo nilitakiwa nishuke Magomeni Mapipa, nikaja kushtuka mlango wa mwendokasi unafunguka Fire, watu wananisukuma niwapishe, na mi bado nimeikodolea simu macho kama vile kuna meseji ya mshahara. Hakukuwa na meseji yoyote. Kulikuwa na viboksi vitano vya mchezo wa kubahatisha neno, na jaribio moja limebaki. Cha kwanza sikijui, vinne vinavyofuata vya kijani: I, G, H, T.

Nikaandika SIGHT. S ikaja kijivu. Game over, na jibu likajitokeza pale juu ya skrini: TIGHT. Yaani taiti! Kitu ninachovaa ndani ya dera kila siku ya Mungu. Na kinachoniuma zaidi, jaribio la nne nilikuwa nimeandika LIGHT, ambayo kwa mdomo wangu mi ni "laiti", na njia nzima ya kurudi kwa miguu kutoka Fire mpaka Mapipa nilikuwa naimba hiyo hiyo, laiti ningejua, laiti ningejua.

Kwa ambaye hajawahi kucheza: unapewa nafasi sita za kubahatisha neno la Kiingereza la herufi tano. Herufi ikiwa ipo na imekaa mahali pake inakuwa kijani, ikiwepo ila umeiweka siko inakuwa njano, isipokuwepo kijivu. Basi, hakuna kingine. Mchezo wenyewe ni Wordle, ila mi siku hiyo nilikuwa kwenye app moja ya kuiga, zile zinazokupa maneno bila kikomo, maana ile halali inatoa neno moja kwa siku na mi moja halinitoshi. Aliyeutengeneza anaitwa Josh Wardle, kwa hiyo jina la mchezo ni jina lake mwenyewe limechezewa, mtu wa programu kutoka Wales aliyekuwa anaishi Brooklyn, alimtengenezea mpenzi wake Palak Shah ambaye anapenda michezo ya maneno. Huyo dada ndo alikaa na orodha ya maneno kama 12,000 ya herufi tano akayachambua moja moja, hili nalijua, hili silijui, mpaka yakabaki kama 2,500 ya kuwa majibu. Oktoba 2021 wakaufungulia watu wengine. Tarehe 1 Novemba walikuwa wachezaji 90. Tarehe 2 Januari 2022 wamepita 300,000, na kabla mwezi haujaisha gazeti la New York Times limeshaununua.

Sasa turudi kwenye taiti yangu, maana nataka niwaonyeshe nilivyojimaliza mwenyewe. Jaribio la kwanza niliandika ADIEU. I ikaja njano, zingine zote kijivu. La pili PINCH, I ikawa kijani, H njano. La tatu nikapiga FIGHT na hapo IGHT yote ikawaka kijani, nikajiona bingwa, nikamtazama abiria wa pembeni kama vile anajua. Zimebaki nafasi tatu. Nikaendelea LIGHT, RIGHT, SIGHT, kila moja nabadilisha herufi moja tu ya mbele, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kitasa giza limeingia.

Hebu hesabu. N nilishaiondoa kwenye PINCH, E nilishaiondoa kwenye ADIEU, F imekufa kwenye FIGHT. Kwa hiyo ya kawaida yaliyobaki ni LIGHT, RIGHT, SIGHT, MIGHT, TIGHT. Maneno matano, nafasi tatu. Mtoto wa darasa la pili anaona kwamba hiyo haitoshi. Nilichotakiwa kuandika jaribio la nne ni neno ambalo najua kabisa siyo jibu, kwa mfano FILMS. Ndani yake kuna L, kuna M, kuna S. Mojawapo ikiwaka, ndo hiyo hiyo, nimeshinda la tano. Zisipowaka zote, zimebaki RIGHT na TIGHT, na nina nafasi mbili. Hakuna namna ya kushindwa. Ni kama wale wazee wa drafti pale kijiweni wanaokulisha kete moja unachekelea, ukija kuangalia wamekula tatu na wameingia king.

Aliyenionyesha hiyo FILMS ni mdogo wangu, na nilimbishia karibu nusu saa. Nilikuwa nasema sasa utaandikaje neno ambalo unajua siyo! Yeye akaniambia dada tatizo lako unatafuta neno, mi natafuta herufi.

Hiyo sentensi imekaa kichwani mwangu mpaka leo, na ndo imenifanya niandike hii makala, kwa sababu naamini kabisa sisi wa Kiswahili tunaingia kwenye huu mchezo na mazoea ambayo wenzetu hawana. Hatuoni herufi. Tunaona silabi. Si tulifundishwa kusoma hivyo, ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, mwalimu na fimbo yake anagonga ubao? B peke yake mi nilikuja kukutana nayo baadaye sana.

Nyumbani Tanga bibi na shangazi zangu wakitaka kuongea mambo ya watu wazima na sisi watoto tumekaa hapo hapo, walikuwa wanaongea kinyume. Unachukua silabi ya mwisho unaileta mbele. Nipe maji inakuwa "peni jima", leta chai inakuwa "tale icha". Walikuwa wanaenda kasi hatari, na sisi tulipofika kama miaka minane tumeshaijua yote, tukawa tunajifanya hatuelewi ili tuendelee kula umbea. Kwa hiyo kuvunja maneno na kuyapanga upya kwetu siyo kitu kigeni. Ila angalia tulikuwa tunavunja wapi: kwenye silabi, hata siku moja siyo ndani ya silabi.

Chukua neno lima. Kwa kinyume unapata moja tu, mali (bibi alikuwa anapenda sana kutuambia hiyo, ukilima kinyumenyume unapata mali). Sasa acha silabi, mwaga herufi zote nne mezani kama vile unamwaga karanga, L, I, M, A, uziokote upya. Mali ipo. Mila ipo. Lami ipo. Imla pia ipo, ile ya mwalimu anasoma wewe unaandika. Maneno matano ndani ya herufi nne, na mi nimeishi na hilo neno tangu nazaliwa nikaona mawili tu.

Wachezaji wa Scrabble, ule mchezo wa kupanga herufi ubaoni ziwe maneno, wana ujanja wao kwenye hili. Wanazipanga herufi kwa mpangilio wa alfabeti kwanza. AERST. Ukiiona hiyo AERST haina maana yoyote, na ndo uzuri wake, kwa sababu haikuvutii upande wowote, kisha unakariri kwamba humo ndani wanakaa STARE, RATES, TEARS, TARES, ASTER. Hata kompyuta inafanya hivyo hivyo. Shemeji yangu anaandika programu, alinikalisha siku moja akaniambia kutafuta maneno yenye herufi zilezile wala siyo kazi, unapanga herufi za kila neno kwenye kamusi kialfabeti, yanayofanana ukishayapanga ni ndugu. Afu akanifungulia kile kidirisha cheusi cha Linux cha kuandikia amri, kuna programu ya kutafuta maneno inaitwa grep, ya kwanza iliandikwa na Ken Thompson kule maabara ya Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, bado inafanya kazi mpaka kesho. Unaweka nukta mahali ambapo hujui. Nukta moja halafu ight, ukishaiambia neno lianzie hapo na liishie hapo, inakumwagia yote, kufumba na kufumbua. Zile tovuti ambazo watu wanaingia kimyakimya kuandika "maneno ya herufi tano yenye R na A" zinafanya jambo la aina hiyo hiyo, tofauti ni matangazo.

Je, ni kuibia? Mi naona ni kuibia ukiwa unashindana na mtu. Ukiwa peke yako kwenye foleni ya Ubungo, nani anakuuliza.

Ila kuna kitu nimekigundua baada ya kuangalia hizo orodha ndefu. Herufi tano za Kiingereza ukizichanganya hovyo bila mpango unapata michanganyiko 11,881,376. Wordle ilipoanza ilikuwa inakubali chini ya 13,000. Maana yake karibu yote ni takataka, na kazi yako siyo kujua Kiingereza kingi, kazi yako ni kujua herufi zinapenda kukaa wapi. S inapenda mbele. E na Y zinapenda mwisho. H inatembea nyuma ya C, S, T, W kama mtoto nyuma ya mama sokoni. Q bila U ni nadra. Hivi vitu mzaliwa wa kule haviwazi, viko kwenye damu. Mi niliviandika kwenye karatasi nikabandika kwenye friji.

Na hapo ndo niliona aibu yangu nyingine. Nilirudi nyuma nikaangalia maneno niliyokuwa nakimbilia kila nikikwama: PIANO, OPERA, PASTA, MANGO, RADIO, VIDEO. Unaona? Yote yanaisha na irabu. Nilikuwa natafuta Kiingereza kinachoishia kama Kiswahili! Wakati maneno ya Kiingereza yanayoishia na A au O au I ni machache, na mengi yake ni wageni, pasta na piano na opera wametoka Italia. Hata ya kwetu yamo. UGALI inakubalika pale, ukiiandika mchezo haukukatalii. UHURU pia, na BWANA, na NGOMA. Siku ya kwanza kuandika UGALI ikapita nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka.

ADIEU nayo ni ugonjwa huohuo. Nilikuwa naipenda kwa sababu ina irabu nne, nikidhani nikishazijua irabu nimemaliza. Siko peke yangu, New York Times wenyewe walishasema ADIEU ndo neno ambalo watu wengi zaidi wanaanzia, na wakasema pia inawachelewesha ukilinganisha na SLATE. Mi sikuelewa mpaka nilipofikiria tunavyoandikiana meseji. Enzi zile za kuhesabu herufi ili meseji isikatwe mara mbili, tulikuwa tunaandika "hbr yko", "nmfka", "ucjal", na hakuna aliyekuwa anapotea. Irabu nyingi tunazitupa na ujumbe unafika. Sasa jaribu kumwandikia mtu irabu peke yake, "aai ao", uone kama atajua unamuuliza habari yake. Konsonanti ndo zinabeba neno. Mtu wa Kiswahili anayejua kusoma "nmfka" alitakiwa ajue siku nyingi kwamba aanze na STARE au SLATE, siyo ADIEU.

Sasa hii GH. Jamani hii GH. Sisi lugha yetu inaandikwa kama inavyosemwa, ukisikia taiti unaandika taiti, mtu wa Tanga na mtu wa Kigoma wataandika sawasawa. Wao wanaandika TIGHT, na ile GH katikati imekaa tu kama mgeni aliyemaliza kula na haagi. Lakini nikaja kujua kwamba haikuwa hivyo zamani. Ilikuwa inatamkwa. Mwingereza wa enzi zile akisema NIGHT alikuwa anakwaruza koo, sauti jirani na kh yetu ya kheri, na Wajerumani mpaka leo wanasema Nacht na Licht na unaisikia kabisa. William Caxton alipoleta mashine ya kuchapa Uingereza mwaka 1476, tahajia zikaanza kuganda kwenye karatasi wakati midomo ya watu bado inaendelea kubadilika, sauti ikaondoka, herufi zikabaki. Kwa hiyo ukitafuta maneno ya Kiingereza kwa sikio utapotea, kwa sababu sikio lina habari za leo na tahajia ina habari za miaka mia tano iliyopita. Inabidi utumie macho. Hilo lilinisaidia kuliko ushauri wowote, nikaacha kunong'ona maneno mdomoni, nikawa nayaangalia tu.

Kuna watu wamelifikisha hili mbali sana. Nigel Richards, wa New Zealand, mwaka 2015 alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa na hajui Kifaransa. Hajui. Alikariri kamusi yao kwa wiki kama tisa, akaenda Ubelgiji akawafunga wenyewe, na 2024 akarudia kwa Kihispania. Kwake yale siyo maneno ya kusemea na mtu, ni herufi zilizopangana. Mi sitaki kuwa hivyo, lakini kila nikimfikiria najiambia kumbe Kiingereza changu cha kuungaunga siyo kisingizio.

Ila ninayempenda mi ni Wellington Jighere wa Nigeria. Mwaka huohuo 2015, kule Perth Australia, akawa Mwafrika wa kwanza kushinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Kwenye Scrabble una herufi saba mkononi, ukizimwaga zote kwa mkupuo unapewa pointi 50 za ziada, kwa hiyo wachezaji wakubwa miaka yote wanakimbiza maneno marefu. Wanaijeria wakakaa chini wakaona siyo lazima. Wakawa wanajifunza sana maneno mafupi, ya herufi tano hivi, unaweka neno la wastani, unabaki na herufi nzuri mkononi, na ubao unaufunga ili mwenzako asipate pa kupita. Jighere alimfunga Mwingereza Lewis Mackay 4-0 kwenye fainali na kwenye mchezo wa mwisho aliweka FELTY, herufi tano, pointi 36. Rais Buhari akampigia simu kumpongeza. FELTY! Nenda kamuulize Mwingereza yeyote barabarani kama amewahi kulitumia hilo neno.

Na aliyeanzisha Scrabble yenyewe alikuwa ni msanifu majengo, Alfred Butts wa jimbo la New York, alikosa kazi uchumi wa Marekani ulipoanguka miaka ya 1930, akawa anakaa na magazeti anahesabu herufi moja moja kwa mkono aone ipi inatokea mara ngapi. Ndo maana E ziko 12 na K iko moja. Moja tu, pointi tano! Kwa Kiswahili K ni kama mchanga, iko kila mahali, ningekuwa tajiri. S akaweka nne tu kwa makusudi, kwa sababu kwa Kiingereza ukibandika S mwishoni umeshapata wingi na mchezo unakuwa rahisi mno. Wingi wetu sisi uko mbele, wa-, mi-, vi-, ma-, kwa hiyo tukija kutengeneza ya kwetu tutakuwa tunabandika kichwani badala ya mkiani, na nina hakika ugomvi wa ngeli utavunja ndoa za watu.

Siku hizi na mi natafuta herufi kama mdogo wangu, ila kuna mmoja kwenye familia ambaye hakubali. Shangazi yangu anaishi Muscat mwaka wa thelathini sasa, na kwenye grupu letu la WhatsApp yeye ndo wa kwanza kutuma ile miraba ya kijani na njano inayoonyesha matokeo bila herufi kila siku, kwa sababu mchezo unafunguka saa sita usiku ya pale ulipo na Oman wako mbele yetu saa moja. Anaanza na UGALI. Kila siku. Nilimwambia shikamoo shangazi, hiyo UGALI ina irabu tatu na G, G haitokei mara nyingi, anzia SLATE. Akanitumia voisi noti ndefu, nasikia na kiyoyozi kinanguruma nyuma, anasema marahaba mwanangu, mi nimetoka nyumbani siku nyingi, hii ndo njia yangu ya kusalimia kabla sijalala, hayo mahesabu yenu kaeni nayo.

Nikamfundisha ya FILMS angalau. Hiyo aliipokea, akasema ni kama mama yake alivyokuwa anamtuma mtoto dukani kununua kiberiti ili ajue tu kama duka limefunguliwa.

Jana saa tano na dakika sita usiku simu ikalia. Miraba yake hiyo. Mstari wa kwanza, ambao najua ni UGALI, njano moja tu. Wa pili kijani mbili. Wa tatu kijani nne, cha kwanza kijivu, nikajua ameingia kwenye shimo. Wa nne umejaa kijivu na njano moja katikati, kumbe kanisikia, kalisha kete. Wa tano kijani tupu, na chini yake kaandika "tano si haba, lala mwanangu". Mi yangu ilikuwa bado haijafunguka. Zimebaki dakika hamsini na nne.